Wizi wa Kupanga

Wanafunzi wangu walikuwa na ugonjwa wa kunakili. Ukikohoa, wanaandika. Siku moja, kwa kuwajaribu tu, nikawasomea kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mwaka 1492 Christopher Columbus alivuka Atlantiki akiwa na meli tatu na helikopta moja. Kalamu zikatembea. Mkono mmoja ukanyooshwa, moyo wangu ukaruka kwa furaha.

"Mwalimu, helikopta inaanza kwa herufi kubwa?"

Nikaapa kuwafundisha kutilia shaka. Nikaanza na Ibn Khaldun, mwanahistoria Mwarabu, ambaye kwenye kitabu alichokimaliza 1377 aliwasema sana wanahistoria wanaopokea habari kwa sababu tu imesemwa na mtu mkubwa. Al-Masudi, mwandishi wa kuheshimika, alikuwa amesimulia kwamba mfalme Alexander Mkuu alishuka baharini ndani ya sanduku la kioo ili achore sura za madubwana yaliyokuwa yakimzuia kujenga mji wa Alexandria. Ibn Khaldun akapima jambo lenyewe: mfalme gani angejihatarisha hivyo? Na humo sandukuni angepumua nini? Darasa likaandika "Angepumua nini?" wakapiga mstari chini yake, wakasubiri sentensi inayofuata.

Nikawapeleka kwa Lorenzo Valla, msomi wa Italia. Kwa karne nyingi kulikuwa na hati iliyodai kwamba Kaisari Konstantino, katika karne ya nne, alimkabidhi Papa mamlaka juu ya Roma na magharibi yote. Mwaka 1440 Valla akaisoma kwa jicho la mwalimu wa lugha, akaonyesha kwamba Kilatini chake si cha zama hizo na kwamba inataja vyeo ambavyo Warumi wa wakati ule hawakuwa navyo. Ya kughushi! Hapo angalau binti wa dawati la mbele akaacha kuandika, akaniangalia kama mtu anayehesabu mambo yote niliyowahi kumwambia.

Basi nikaona sasa ni wakati wa vitendo. Mwanzoni mwa karne ya ishirini huko Berlin, profesa wa sheria Franz von Liszt alipanga ugomvi wa uongo kwenye semina yake, hadi bastola ikatolewa, kisha akawataka waliokuwepo waeleze walichoona. Hata aliyekosea kidogo kuliko wote alikosea zaidi ya robo ya mambo. Mimi bastola sikuihitaji. Nilimhitaji Mwalimu wa Hisabati.

Huyu ni mtu mpole wa kuomba radhi hata kwa mlango. Tukapatana: Alhamisi, katikati ya kipindi changu, aingie bila hodi, afoke kwamba nimechukua kompasi yake kubwa ya ubaoni, anyakue begi langu mezani, atokomee.

Alhamisi ikafika. Kwanza akaingia karani wa shule, akaomba kiti kimoja, akaenda zake. Sikumpangia mimi. Dakika chache baadaye mlango ukafunguliwa.

"Hodi," akasema Mwalimu wa Hisabati. Kisha akakumbuka, akapandisha sauti: "Yaani, sipigi hodi! Kompasi yangu iko wapi?"

Akanyakua begi, akasema samahani, akatoka mbio. Nami nikageukia darasa kwa fahari: "Andikeni mlichokiona!" Kwa mara ya kwanza ugonjwa wao ulikuwa na faida. Ila kiranja hakuandika. Kiranja alikuwa ameshakimbilia ofisini kupiga ripoti.

Mwalimu Mkuu alimkuta Mwalimu wa Hisabati kwenye korido amekumbatia begi langu kifuani. Akamuuliza ni la nani. Mtu yule hajui kudanganya.

"Nimeiba, ndiyo," akajibu, "lakini ni kwa ajili ya Historia."

Wakaletwa darasani wote wawili, yeye na begi. Mwalimu Mkuu akakusanya karatasi za wanafunzi, akazisoma kwa sauti. Mwizi alikuwa mrefu. Mwizi alikuwa mfupi. Alikuwa na fimbo. Alikuwa ameshika kompasi (ile ile aliyokuja kuidai!). Kadhaa waliandika kwamba wezi walikuwa wawili, na wa kwanza aliondoka na kiti. Mimi mwenyewe, mpanga wizi, niliandika kwamba alivaa sweta la bluu. Mwenye sweta anadai ni la kijani, na hadi leo anakosea.

Karatasi moja tu, ya kijana wa nyuma asiyesema kitu, ilieleza kwamba mtuhumiwa alipiga hodi kwanza, na akaomba samahani wakati wa kutoka. Mwalimu Mkuu akaiweka kando.

"Huyu anatunga. Mwizi gani anapiga hodi?"

Nikabaki mdomo wazi. Ndicho kipimo cha Ibn Khaldun, jambo lingewezekana au lisingewezekana, na kimetumika barabara kumtupa shahidi wa kweli pekee tuliyekuwa naye. Nikasimama kueleza kwamba yote yalipangwa. Binti wa dawati la mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu Mkuu, huyu shahidi ana maslahi. Begi ni lake, mwizi ni rafiki yake na kipindi ni chake. Na ametufundisha mwenyewe tusipokee habari kwa sababu imesemwa na mtu mkubwa."

Darasa likaitikia kwa kichwa. Nikasema nina ushahidi wa maandishi. Nikatoa simu, nikampa Mwalimu Mkuu ujumbe niliomtumia mwenzangu Jumatano usiku. Akausoma kwa sauti: "Kesho usisahau kuiba."

Kwenye kitabu cha matukio ya shule iliandikwa, ikasainiwa na kugongwa mhuri, kwamba watu wawili waliingia darasani na mmoja akatoroka na kiti. Karani alidaiwa maelezo.

Mtihani wa mwisho wa muhula nikauliza: "Taja chanzo kimoja cha maandishi na ueleze kama kinaaminika." Binti yule akachagua kitabu cha matukio. Akaandika kwamba mwandishi wake alifika baada ya tukio, alichanganya wageni wawili, na alimkataa shahidi mmoja bila kumhoji. Nikampa alama zote. Kwa bahati mbaya, karatasi za mtihani hupitiwa na Mwalimu Mkuu.

Akaniita. Akafunga mlango, akaisoma ile karatasi tena kimya kimya, halafu akainama kwangu.

"Kwani kweli alipiga hodi?"

Kabla sijajibu, mlango ukagongwa.

"Hodi," ikasema sauti ya upole. "Samahani, namtafuta Mwalimu wa Historia. Ile kompasi yangu, safari hii imepotea kweli."