Kujivua na kuvuliwa: mjadala wa Makerere

Aprili 2016 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda, Stella Nyanzi, alivua nguo mbele ya kamera baada ya kufungiwa ofisi katika mzozo wa kufundisha wanafunzi wa uzamivu. Oktoba mwaka huohuo Profesa Sylvia Tamale akasimama kutoa mhadhara wake wa uprofesa kuhusu uchi, maandamano na sheria. Wengi walisikia neno "uchi", wakaishia hapo.

Waliokerwa na mhadhara huo si wajinga. Mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa karo ana haki ya kuuliza mwanawe anafundishwa nini. Tena wana hoja nzito zaidi. Mwaka 2015 kina mama wa Amuru, kaskazini mwa Uganda, walivua nguo mbele ya mawaziri wakitetea ardhi ya ukoo. Kuchukua silaha ya namna hiyo ukaipeleka kwenye ugomvi wa funguo za ofisi, je, si kuitia butu? Hapo nami nasitasita.

Lakini tusikilize lugha yetu wenyewe. Kujivua si kuvuliwa. Februari 2014 Rais Museveni alitia saini sheria ya kupinga ponografia, mtaani ikaitwa sheria ya sketi fupi, na vijana wa kiume wakajipa kazi ya polisi: kumzingira dada barabarani na kumchania nguo. Novemba hiyo, jijini Nairobi, mwanamke alivuliwa kwenye kituo cha matatu, wenzake wakaandamana. Aliyevuliwa aliambiwa kajitakia. Aliyejivua akaambiwa hana haya. Basi kosa si ngozi kuonekana, maana imeonekana kote kuwili; kosa ni mwanamke kushika kifungo chake mwenyewe.

Na jambo hili si geni kutoka Ulaya. Anayejua maana ya mama kumwaga radhi hahitaji profesa amweleze. Machi 1992, Uhuru Park jijini Nairobi, kina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa na Wangari Maathai, walishambuliwa na polisi. Baadhi yao wakavua nguo kuwalaani vijana wale wenye virungu. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa laana ile. Mhadhara wa Tamale uliingiza ukumbini, pamoja na sheria, kitu ambacho bibi zetu walikuwa nacho tayari.

(Tamale naye matusi alishayazoea. Mwaka 2003 alitaka mashoga nao walindwe na tume ya fursa sawa. Wasomaji wa gazeti la New Vision wakampigia kura ya mwanamke mbaya kuliko wote wa mwaka. Mwaka uliofuata akawa mwanamke wa kwanza kuongoza kitivo cha sheria Makerere.)

Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilivifuta vifungu vikuu vya sheria ile ya 2014. Kwa waliochaniwa nguo barabarani, ilikuwa imepita miaka saba.