Faini ya dereva si fidia ya mtoto

Jumanne iliyopita alikuja mama mmoja kwenye meza yetu ya msaada wa kisheria hapa Mbagala, Dar es Salaam, kashika bahasha ya kaki iliyolainika kwa kufunguliwa na kufungwa. Mkono wa pili alimshika mwanawe, mtoto wa darasa la sita, anayetembea huku akiuburuza mguu wa kushoto. Akamimina vilivyomo mezani: PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi), kadi za kliniki, picha ya eksirei iliyokunjwa mara mbili, na risiti zaidi ya ishirini. Nikachukua risiti moja. Nyeupe. Nikachukua ya pili, nyeupe vilevile. Zile karatasi za mashine ya EFD zilikuwa zimefifia zote, hata tarehe haisomeki.

Hakuja kudai fidia. Alikuja kuuliza kama kuna mahali wanapotoa msaada wa hela ili mtoto akatolewe chuma mguuni. Nilipomuuliza habari za mwenye lori lililomgonga mwanawe, alinishangaa. "Mwalimu, si dereva alilipa faini? Kesi ilishaisha."

Ilishaisha. Neno hilo nimelisikia msibani, nimelisikia kijiweni, nimelisikia kwa watu waliosoma na wasiosoma. Juzi limeniuma kuliko siku zote, kwa sababu mtoto alikuwa amekaa hapo hapo anachezea eksirei yake, na katika miaka mitatu na miezi minne tangu agongwe hakuna mtu mzima hata mmoja, si askari, si muuguzi, si mjumbe, aliyemwambia mama yake kwamba kesi yao wao haijawahi hata kuanza.

Faini ile ililipwa serikalini. Dereva alishtakiwa na Jamhuri kwa kuendesha kwa uzembe, akakiri, akalipa, akapewa stakabadhi, akaondoka. Hiyo ni jinai. Kati ya dereva na serikali mambo yao yalikwisha siku ile. Kati ya mtoto na waliomvunja mguu kuna jambo lingine kabisa, shauri la madai, ambalo halifunguliwi na polisi wala mwendesha mashtaka. Linafunguliwa na aliyeumia, au kama ni mtoto, na mzazi au mlezi kwa niaba yake. Asipolifungua, hakuna atakayemfungulia. Watu wanakaa nyumbani wanasubiri kuitwa, na hakuna wa kuwaita.

Nakubali kwamba hakimu wa kesi ya jinai anaweza, akishamtia mtu hatiani, kuamuru amlipe fidia aliyeumia. Kifungu kipo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai. Ila kukitegemea ni kubahatisha. Mama huyu hakuwepo hata mahakamani siku dereva anakiri kosa, alikuwa wodini.

Na kinachonikera zaidi ni hiki: ile hukumu tunayoiona kama mwisho ndiyo silaha kubwa aliyonayo aliyeumia. Sheria yetu ya Ushahidi inasema hukumu ya jinai, muda wa rufaa ukishapita, ni uthibitisho kamili kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa lile. Maana yake ukienda kwenye shauri la madai huanzi kubishana upya kama dereva alikuwa mzembe. Unaweka mezani nakala ya hukumu, mnabaki kuzungumzia nani mwingine anawajibika naye na alipe kiasi gani. Na hata bila hukumu hiyo, kwenye madai huhitajiki kuthibitisha pasipo shaka kama kwenye jinai. Inatosha mizani iinamie upande wako. Kwa hiyo mtu akikwambia "dereva kalipa faini", usirudi nyumbani. Nenda masjala ya mahakama ukaombe nakala ya hukumu.

Nani mwingine anawajibika? Mwenye gari. Dereva aliyeajiriwa akifanya uzembe akiwa kwenye kazi ya tajiri wake, tajiri anawajibika pamoja naye. Na nyuma ya tajiri kuna bima. Gari halitakiwi kuingia barabarani bila angalau bima ndogo, na bima ndogo haipo kwa ajili ya gari. Ipo kwa ajili yako wewe uliyegongwa. Chini ya Sheria ya Bima ya Magari, Sura 169, mahakama ikimhukumu mwenye gari alipe kwa kuumiza mtu, kampuni ya bima inawajibika kulipa hukumu hiyo, ili mradi imepewa taarifa ya kesi mapema. Ndiyo maana siku ya ajali picha ya kwanza kupiga, baada ya majeruhi kupata msaada, ni namba ya gari. Ukiwa na namba unaweza kuhakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kama gari lina bima hai na ni ya kampuni gani.

Kwa mtoto huyu neno bima halikutajwa hata mara moja hospitalini. Kilichotajwa ni laki nne.

Siku ya tatu baada ya ajali, mwenye lori alikuja na mzee mmoja wa heshima. Wakakaa na mama kwenye benchi la nje ya wodi. Wakampa pole. Wakampa shilingi 400,000 taslimu na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mistari. Ninayo kopi yake hapa ninapoandika: "Mimi mama wa mtoto nimepokea laki nne na sitakuwa na madai yoyote ya baadae." Chini kuna sahihi yake, na pembeni yake dole gumba. Mama huyu anasoma na kuandika vizuri. Waliomletea karatasi walimwambia aweke na dole "ili iwe na nguvu", na kwa kuwa hapakuwa na kidau cha wino, walimpaka wino wa kalamu ya biki kidoleni, kidogo kidogo, mpaka ukakolea. Mtoto wake alikuwa ndani, mguu umening'inizwa, hajaingia hata chumba cha upasuaji.

Siku tatu! Daktari mwenyewe alikuwa hajajua kama mfupa utaunga sawasawa, na mama anaulizwa kama ana madai ya baadaye.

Sina ugomvi na kusameheana. Nimekulia kwenye nyumba ambayo babu alikuwa akisuluhisha ugomvi wa mtaa mzima chini ya mwembe, na wengi waliondoka wakiwa ndugu. Dereva naye mara nyingi ni kijana maskini mwenye watoto, kumfilisi hakumnyooshi mtu mfupa. Na kuyamaliza nje ya mahakama ni jambo ambalo mahakama yenyewe inalihimiza, hata shauri likishafunguliwa wahusika hupelekwa kwanza kwenye usuluhishi. Lakini suluhu inahitaji pande zote mbili zijue zinachoacha. Upande mmoja unajua kuna kampuni ya bima nyuma yake, upande wa pili unajua tu kwamba usiku ule kuna dawa za kununua. Yule mzee wa heshima alimsaidia mwenye lori, mama hakusaidiwa na mtu.

Karatasi ya namna hiyo ni mkataba, kwa hiyo usiidharau, inaweza kukubana. Ila Sheria ya Mikataba, Sura 345, inataka ridhaa iwe huru. Ridhaa iliyopatikana kwa kutishwa, kwa kulaghaiwa, au kwa mtu kutumia nafasi aliyonayo juu yako, inaweza kupingwa. Na aliyevunjika mguu ni mtoto, ambaye kisheria hana uwezo wa kuingia mkataba. Aliyesaini ni mama yake. Kama sahihi ya mama inaweza kuifuta haki ya mwanawe, hilo ni la kubishaniwa mbele ya hakimu, si la kumalizwa kwenye benchi la hospitali.

Sasa nifike kwenye kilichoninyima usingizi. Tuna msemo kwamba haki ya mtu haipotei. Inapotea, jamani. Inapotea kwa kalenda. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura 89, inatoa miaka 3 kwa madai ya madhara kama haya ya ajali, miaka 6 kwa madai yanayotokana na mkataba, miaka 12 kwa ardhi. Siku zikipita, mahakama inalitupa shauri bila hata kukuuliza mguu unaendeleaje. Na msidhani utaenda kumwomba hakimu akuongezee muda kama wanavyoomba watu waliochelewa kukata rufaa. Kwa shauri jipya la madai hakimu hana mamlaka hayo. Mwenye uwezo wa kuongeza ni Waziri anayehusika na mambo ya sheria, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na hata yeye hawezi kuvuka nusu ya muda uliowekwa. Yaani fundi uashi aliyegongwa na bodaboda, akakaa miaka mitatu akijiuguza na kungoja mambo yaive, mlango wake mdogo uliobaki uko kwa Waziri. Wangapi wanajua hilo?

Wajue wapi? Kwa miaka mingi sheria hizi zimeandikwa kwa Kiingereza na hukumu za mahakama zilizo juu ya Mahakama ya Mwanzo zikatolewa kwa Kiingereza. Februari 2021 Jaji Zephrine Galeba aliposifiwa kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili kule Musoma ilikuwa habari ya nchi nzima, na mwaka huohuo sheria ikabadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Nilifurahi kweli. Lakini neno "ukomo" bado halijafika kwenye benchi la hospitali. Ningetamani libandikwe kwenye ukuta wa kila wodi ya mifupa, kwa herufi kubwa: MIAKA MITATU.

Mama aliponiambia tarehe ya ajali nilihesabu kwa vidole chini ya meza, mara mbili. Miaka mitatu na miezi minne. Nikanyamaza. Kisha nikamtazama mtoto, nikamuuliza ana umri gani. Kumi na miwili.

Kwa mtoto saa haianzi kuhesabu siku ya ajali. Sheria hiyohiyo ya ukomo inasema aliyekuwa mtoto siku haki yake ilipozaliwa, muda unahesabiwa tangu anapofikia utu uzima. Madai ya mama mwenyewe kwa gharama alizotumia yana taabu, nilimwambia ukweli. Madai ya mwanawe yako hai, na si lazima asubiri akue, yanaweza kufunguliwa kwa niaba yake hata sasa. Tena bora sasa, kabla mashahidi hawajahama mtaa na lori halijauzwa mara tatu.

Maswali mengine yaliyonijia wiki hii niyapitie haraka, maana kichwa changu kiko kwa mtoto huyu. Ukipata samansi ya madai usiitupe, ukidhani usipoonekana kesi itakufa: una siku 21 za kuwasilisha utetezi wa maandishi, na ukikaa kimya mwenzako anasikilizwa peke yake na kupewa hukumu. Kuishtaki serikali au halmashauri kunahitaji notisi ya siku 90 kwanza. Ukiachishwa kazi isivyo halali ni siku 30 tu kufika CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Polisi si wakusanya madeni, usimpigie askari kwa sababu jirani hajalipa mkopo wako. Na kama ulivuka barabara bila kuangalia, kosa lako halifuti la dereva, linapunguza fidia.

Sitawadanganya kwamba njia ni nyepesi. Shauri linatajwa, linaahirishwa, linatajwa tena. Ukishinda bado kuna kukaza hukumu, yaani kuhakikisha inalipwa, na nimeona mtu akikaa na tuzo yake kabatini bila kupata senti kwa sababu mdaiwa hana cha kukamatwa. Wakili ni gharama, ingawa si lazima uwe naye, na tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kuna watoa msaada waliosajiliwa ambao kwa asiye na uwezo hawatozi. Wanaosema "mahakamani utapoteza muda tu" wana sababu zao. Ila muda huo huo ndio unaotumaliza tukikaa nyumbani.

Tulianza na risiti. Za hospitali tutaomba nakala mpya kutoka kwenye mafaili yao, kwa sababu gharama halisi lazima zithibitishwe moja moja, hakimu hakisii. Za duka la dawa nyingi zimekwenda. Wewe unayesoma, kama una risiti ya EFD unayoitunza kwa ajili ya jambo lolote, itoe kopi leo.

Wakili wa kujitolea amekubali kumwona mama Alhamisi ijayo. Amesema aje na nakala ya hukumu ya dereva, namba ya lori, na kitu cha kuthibitisha umri wa mtoto, kwa kuwa shauri zima limesimama hapo. Cheti cha kuzaliwa hana, alikuwa hajawahi kukihitaji. Jumatatu asubuhi tunaanzia RITA, wanakotoa vyeti hivyo.