Kabla hamjaisikia kwa yule rafiki yangu

Ameshaisambaza, tena katia chumvi mpaka haiingii mdomoni. Sikulia. Mengine yote ni kweli.

Mnanijua mdomo wangu. Wiki nzima nawaambia wenzangu Django, ule mfumo mzito wa kujengea tovuti kwa lugha ya Python, ya nini, paneli ya usimamizi na migresheni (mabadiliko ya hifadhidata) kwa kurasa mbili tu? Flask, mwenzake mdogo, ni mistari saba! Wakasema haya, tuoneshe. Projekta ikawashwa.

Nikaunda faili, nikaliita `flask.py`. (Wewe uliyeanza kucheka, nyamaza, wenzako hawajafika.) Mistari yangu saba, kisha `python flask.py`.

ImportError, yaani kosa la kuagiza maktaba. Eti `Flask` haipatikani ndani ya `flask`.

Nikatabasamu. Nikaiondoa Flask kwa pip, kisakinishi cha maktaba za Python, nikaisakinisha upya, watu saba wakitazama ule mstari unavyotambaa. Kosa lile lile. Nikafuta mazingira pepe yote (folda inayotunza maktaba za mradi), nikaunda mengine. Lile lile. Mtu akakohoa. Jasho likashuka mgongoni, nami nikatamka kwa sauti ya bingwa: "Toleo hili la Flask ni bovu."

Kumbe Python ikikuta `import` hutafuta kwanza kwenye folda ya faili unaloliendesha, ndipo iende kwenye maktaba zilizosakinishwa. Kila nikiagiza Flask inaniletea faili langu mwenyewe, nalo linafika likiuliza Flask iko wapi. Ningesakinisha hata mara mia. Python 3.13 ingenidokeza nibadili jina. Mimi nimeng'ang'ania 3.10.

Nikahamia Bottle, mfumo mwingine mdogo wa aina hiyo. "Hii ni faili moja tu, haitegemei kitu nje ya Python," nikajigamba. Langu nikaliita, nisameheni jamani, `bottle.py`.

Hapo wakacheka bila kujificha. Kwa hasira nikaigeukia ile ile Django niliyoitukana, nianzishe mradi mpya: `django-admin startproject django`. Ikagoma papo hapo: jina hili linagongana na moduli iliyopo, jaribu lingine. Dada mmoja wa kiti cha nyuma akausoma ujumbe huo kwa sauti. Polepole. Mara mbili.

Nikabadili `flask.py` kuwa `app.py`, jina ambalo `flask run` hulitafuta yenyewe bila kuelekezwa. Ikawaka kwenye poti 5000 mara moja, projekta imeshazimwa.

Mradi unajengwa kwa Django. Majina ya mafaili anayatoa mtu mwingine.