Nimelipa Kiingilio Kuona Nyumba ya Udongo

Majuzi nililipa kiingilio ili nionyeshwe nyumba ya udongo. Niko Saskatchewan, Kanada, katika nyanda za nyasi ambako miti ilikuwa adimu, kwa hiyo walowezi wengi, waliogawiwa ekari 160 kwa ada ya dola 10 chini ya sheria ya 1872, walikata mabonge ya udongo yenye mizizi ya nyasi na kuyapanga yakawa kuta. Mwongozaji alituomba kwa adabu tusiegemee ukuta. Mimi niliyelelewa katika nyumba ya fito na udongo nilicheka, kisha nikaona uchungu.

Wenzetu hawa hawakuhifadhi makazi ya wakubwa peke yake. Nyumba ya mawe ya W. R. Motherwell, aliyekuja kuwa waziri wa kilimo, inatunzwa kule Abernethy. Lakini nyumba ya udongo ya Addison, mkulima wa kawaida karibu na Kindersley, iliyojengwa kati ya 1909 na 1911, nayo ni urithi wa taifa. Sisi tukitaja historia tunataja Kilwa Kisiwani, Mji Mkongwe na maboma ya Wajerumani (na hata majumba ya masultani, ingawa Beit al-Ajaib ya Zanzibar iliporomoka sehemu yake Desemba 2020). Nyumba ya bibi tunaibomoa siku tunapopata fedha za saruji, na kuipiga picha tunaona aibu.

Najua nitaambiwa kwamba nimekanyaga theluji na sasa nataka wenzangu wabaki matopeni. Sijasema hivyo. Mama yangu nilimjengea ya tofali na bati, wala sijutii, maana mchwa na masika siyo hadithi. Nauliza tu kwa nini wilaya nzima isibakize hata moja. Wala msiniambie habari ya fedha, kwani nyumba ya Addison ilidumu kwa kuwa familia yake iliendelea kuishi humo na kuitunza.

Wala hawa si malaika. Wanapenda kusimulia kana kwamba waliikuta ardhi tupu, ilhali Mkataba wa Sita, uliohusu ardhi hiyo, ulitiwa saini na watu wa Cree, wenyeji wa asili, mwaka 1876, na kule Batoche jeshi la Kanada liliwashinda Wametisi, watu wa asili mchanganyiko ya wenyeji na Wazungu, mwaka 1885. Mwaka 1911 serikali ya Waziri Mkuu Laurier iliidhinisha amri ya kuzuia watu weusi wasihamie nchini, ingawa haikutekelezwa. Hata hivyo, karibu na Maidstone lingalipo kanisa la Shiloh, la magogo matupu, lililojengwa na wakulima weusi waliotoka Oklahoma mwaka 1910. Hapo, nakiri, nilitembea kifua mbele.

Yupo atakayenikumbusha Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam. Nakiheshimu sana, ila zile ni nyumba za mfano zilizojengwa pale ili zitazamwe. Hapakuzaliwa mtu ndani yake, wala hakuna aliyetoka humo alfajiri na jembe begani. Nitajieni nyumba moja ya mkulima asiye na cheo, iliyohifadhiwa na serikali palepale alipoijenga, nami nitaomba radhi hadharani.