Rili ya Bure

Jamani, ukiambiwa kitu ni cha bure, uliza kwanza: bure kwa nani? Mimi mjomba alinipa rili yake ya kuvulia, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi kwenye fimbo, imelala ghalani tangu sijaota ndevu. Akaniambia, "Chukua mwanangu, ni kuipaka grisi kidogo tu." Kidogo tu!

Kuizungusha, inakoroma. Ubavuni imetoka unga mweupe, alumini imeliwa na chumvi ya bahari. Nikasema nitaitengeneza, na mfukoni sitoi hata senti. Hapo ndipo nilipojikaanga.

Wajuzi wanashauri upige picha kila unapofungua kitu, ili usisahau kurudishia. Nilipiga. Picha kumi na moja, zote za dole gumba langu.

Grisi ya zamani ilikuwa imeganda kama gundi ya fundi viatu. Dawa yake mafuta ya taa na mswaki mkuukuu. Sasa, mswaki mkuukuu nyumbani kwetu ni upi? Wote mkuukuu! Nikachukua mmoja, nikasugua gia jino kwa jino mpaka shaba ikang'aa, nikausuuza, nikaurudisha kikombeni kwa adabu zangu. Asubuhi mke wangu anatoka bafuni, mdomo kaukunja. "Baba Watoto, mbona mswaki wangu unanuka kibatari?" Nikamwambia dawa za meno siku hizi hazieleweki.

Skrubu zenye kutu nikazilaza kwenye siki. Skrubu tu, bodi ya alumini ukiisahau humo, siki inaitafuna. Mpaka hapo nilijiona bingwa. Kisha nikagusa kile kispringi kinachozuia mkono wa rili usirudi nyuma. Tii! Kikaruka. Sikukiona kikitua. Nililala kifudifudi chini ya kabati nikaokota kifungo cha shati, pini ya nywele na soksi tuliyoigombania mwaka mzima. Springi, wapi!

Nikaiona kalamu ya kubonyeza ya mwanangu. Nikaipasua, nikakata vizingo vitatu vya springi yake, nikapachika. Ikashika, nakuapia! Ila mtoto sasa akibonyeza kalamu, mrija unazama ndani haurudi, na ananitazama mimi tu, sijui kwa nini.

Ikabaki breki. Washa zake, vile visahani vyenye tundu katikati, zilikuwa zimeoza, unazishika zinakuwa unga. Mpya niliziulizia, nilipotajiwa bei nikajifanya simu inaita. Nikakumbuka rili za kale nyingi zilitumia washa za ngozi. Ngozi ninayo, si mkanda wa suruali huu? Nikakata ya kwanza kwenye ncha, ikatoka kama yai. Ya pili, tundu la katikati likaenda kando. Kufika ya tatu, iliyokaa sawasawa, matundu yote ya mkanda yamekwisha.

Lakini rili, wenzangu! Tone mbili za mafuta ya cherehani kwenye beringi, grisi kiasi kwenye gia, nikaifunga. (Imebaki washa moja ya chuma mezani. Nimeificha.) Inazunguka kimya kama paka aliyeiba.

Jumamosi nikaenda majini. Samaki akavuta, breki ya ngozi ikaachia mshipi taratibu, raha tupu! Nikasimama nimkabili. Suruali nayo ikaachia. Mkono mmoja umeshika fimbo, wa pili kiunoni, na rili inataka wa kuizungusha.

Nikapiga yowe, "Mjombaaa!"