Gavana huchaguliwa, mkuu wa mkoa huletwa

Mimi mtu wa Tanga, Mombasa nimekuja 2016 nikaoa hukuhuku Likoni, haya siyasemi kwa kusimuliwa. Juzi mama kanipigia akauliza, hivi mwanangu ni kweli huko mwachagua hadi mkuu wa mkoa? Nkamwambia huku Kenya kuna gavana mama, ndiye mkuu wa kaunti, mimi sipigi kura manake bado ni Mtanzania, lakini mkweo anapiga.

Na 2022 ilibidi aende mara mbili. Kawaida ni karatasi sita za kura, tarehe 9 Agosti akapewa tano, ya gavana Mombasa iliahirishwa kwa vile karatasi zilichanganywa, akarudi tena tarehe 29 na mtoto mgongoni. Nkamuuliza hujachoka? Akanambia huyo ndiye mwenye zahanati na taka zetu, leo nisipoenda kesho nitamlalamikia nani.

Kwetu Tanzania Bara karatasi ni tatu tu, rais, mbunge, diwani, basi. Mkuu wa mkoa anateuliwa na rais, mkuu wa wilaya vilevile, mkurugenzi wa halmashauri pia, mtu anatolewa mbali huko hata njia ya Pongwe kwetu Tanga haijui anakuja kukuamulia mambo yako, na siku akihamishwa unasikia redioni. Diwani uliyemchagua mwenyewe atasema nini mbele ya hao watatu?

Alafu mahakama. Ijumaa ya 1 Septemba 2017 nilikuwa dukani, redio ikasema Mahakama ya Juu imefuta uchaguzi wa rais, nikaganda na chenji ya mtu mkononi. Katiba yetu Tanzania ya 1977, ibara ya 41, inasema tume ikishatangaza rais hakuna mahakama ya kuchunguza. Hapo ndipo naumia sana.

Ila siwafichi, huku nako mwaka wa kura ukikaribia watu barazani waanza kuulizana kabila. Wazee wa Likoni hawajasahau 1997, watu wa bara, wale waliohamia pwani kutoka ndani ya Kenya, walivovamiwa kabla ya uchaguzi, wengine wakauawa, wengine wakahama. Tanga nimekua na Wadigo, Wasambaa, Wazigua, Wabondei, na sijaona jirani akiogopwa kwa kura yake. Mke wangu ni Mkamba, kabila la bara, mimi najua wiki hiyo analala vipi.

Mama nilimwambia yote. Akanyamaza kidogo akauliza, sasa sisi hiyo karatasi ya nne tutapewa lini? Katiba mpya yenyewe ilikwama 2015 kura ya maoni ilipoahirishwa, nkakosa la kumjibu.