Lenzi Iende kwa Ndege, Mpiga Picha Abaki Nyuma

Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Mei, ndege wa hori la Mida, pwani ya Kenya, wana haraka. Vitwitwi na sululu waliokaa nasi tangu Septemba wanajaza mafuta mwilini kabla ya kuruka kwenda kuzaa kaskazini ya mbali, na chakula chao wanakipata maji yakiwa yamekupwa. Kila mara mtu mwenye kamera anapowakurupusha, wanaunguza mafuta waliyoyatafuta tangu alfajiri. Hata hivyo kila msimu ninawaona wapiga picha, wenyeji na wageni, wakiingia topeni na lenzi za milimita 500 na 600 begani, wakiamini kwamba urefu wa lenzi peke yake ni heshima ya kutosha kwa ndege. Mimi sikubaliani nao. Kwa maoni yangu, pale Mida na kwenye mlango wa mto Sabaki, lenzi ndefu isimamishwe karibu na ndege, mwenyewe aondoke akae mbali, na pete ya fokasi, ile inayoipa picha ukali, aizungushe kwa rimoti.

Najua swali linalofuata, maana nimeulizwa mara nyingi: lenzi ndefu si imetengenezwa ili mtu akae mbali? Sasa ya nini kuipeleka karibu? Jibu liko kwenye hewa. Maji yakishatoka, tope na mchanga huanza kupigwa na jua, na ikifika saa tatu asubuhi hewa iliyo juu yake inatetemeka. Lenzi ya milimita 600 inamkuza ndege, na mtetemo huo inaukuza vilevile. Ukiwa mita 100 kutoka kwake, hata kamera ya bei ghali itakutolea manyoya kama yaliyopakwa kwa brashi, na hakuna fokasi inayoponya hewa mbaya. Lenzi hiyohiyo ikisimama mita 10 au 12 kutoka kwa ndege, hewa ya katikati ni kidogo na unyoya mmoja mmoja unaonekana. Dawa ya uhakika ni kupunguza umbali, na umbali huo ndege hamruhusu binadamu kuupunguza. Kamera wanairuhusu.

Wanairuhusu kwa sharti kwamba isitikisike na wasiione ikiletwa. Stendi iwekwe maji yakiwa nje kabisa, ndege wakiwa wametawanyika mbali, halafu mtu aondoke. Maji yakianza kujaa, watarudi wenyewe. Hasa ninawafikiria wale weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, wanaokula kaa, ambao wataalamu huwaita Dromas ardeola na ambao waongoza wageni wa Mida huwa na fahari ya kuwaonyesha. Ndege hawa huzaa kwenye mashimo wanayochimba mchangani huko visiwa na fukwe za upande wa Uarabuni, na kwa kawaida hutaga yai moja tu. Ndege wa yai moja kwa msimu anastahili kupumzika akifika kwetu. Maji yanapojaa hujikusanya kwenye vichanga vilivyobaki, wamebanana, na mtu mmoja akiwarusha wote kwa pamoja, mara nyingi kichanga kingine cha kutua kimeshafunikwa.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Lenzi ya milimita 600 ikifunguliwa tundu lake la mwanga hadi f/4, kwenye kamera ya sensa kubwa, ndege akiwa mita 10, kina kinachotoka kikali ni kama sentimita 7. Jicho na mdomo vimeingia, mkia umeshapotea. Ukibana hadi f/8 unapata kama sentimita 13, si zaidi. Kwa hiyo ile njia ya zamani ya kufokasi mapema, kuzima fokasi ya otomatiki, kubandika tepu kwenye pete na kuondoka, inafaa kwa mdiria anayerudi kwenye tawi lilelile. Haifai kwa ndege anayesogea na maji.

Wengi hukimbilia programu ya simu. Canon wana Camera Connect, Nikon wana SnapBridge. Unamwona ndege kwenye kioo, unamgusa, kamera inafokasi. Ni bure, na kwa kuanzia si mbaya. Lakini Wi-Fi ya ndani ya kamera haikutengenezwa kuvuka tope la Mida. Mawimbi yake hunyonywa na majani mabichi ya mikoko, hata na mwili wako mwenyewe, na kamera ikikaa chini karibu na ardhi yanazidi kufifia. Picha inafika simuni imechelewa. Tena kugusa kioo ni kuiomba otomatiki ikufanyie kazi, na otomatiki ikishika mzizi wa mkoko badala ya jicho, lenzi ndefu huzunguka kutoka mwisho hadi mwisho ikitafuta, na kundi limeshageuka.

Waya ni hatua nzuri zaidi. Programu kama digiCamControl na gphoto2, zote za bure, zinaweza kuziamuru kamera nyingi zisogeze fokasi ya lenzi kidogo kidogo, mbele au nyuma, bila kugusa otomatiki. Waya wa kawaida wa USB 2.0 kikomo chake ni mita 5, basi huwezi kukaa mwisho wake na kujiita uko mbali. Kinachofanyika ni kuweka kompyuta ndogo kama Raspberry Pi chini ya stendi, ndani ya kopo lisiloingiza maji, ikashikana na kamera kwa waya, na wewe ukaiamuru kwa Wi-Fi yenye antena iliyoinuliwa juu ya mti. Kwa lenzi za kisasa ambazo pete yake haishikani na vioo bali inatuma umeme tu, sioni njia bora kuliko hii, kwa sababu pete za namna hiyo nyingi hufuata kasi ya mkono na ukiziwekea alama, alama hazirudi palepale.

Ninayoipenda ni mota. Lenzi kubwa za zamani, zile ambazo sasa zinauzwa mitumba kwa bei ambayo mtu wa Malindi anaweza kuiota na kuifikia, nyingi zina pete inayozungusha vioo moja kwa moja. Unaivalisha pete ya meno, unaiwekea mota pembeni, na mota inafuata kitufe kilicho mkononi mwako. Watu wa sinema wamefanya hivi miaka mingi, na vifaa vyao hutumia meno ya kipimo kimoja kinachoitwa moduli 0.8, kwa hiyo pete za kuvalisha zinapatikana. Lakini si lazima ununue vya sinema. Mota ya hatua, ile inayopatikana ndani ya printa, inazunguka kwa vipimo na kusimama pale ulipoiambia. Mkanda wa meno unaweza kutolewa kwenye fotokopi iliyokufa. Kibao kidogo cha kielektroniki kiitwacho ESP32 kinapokea amri kwa Wi-Fi na kinaishi kwa pawabanki siku nzima. Fundi simu yeyote mzuri wa mjini anaweza kuviunganisha.

Mota inanipa kitu ambacho otomatiki hainipi: alama. Ndege wakiwa bado mbali ninapanda vijiti kwenye tope, mita 8, 10, 12, 15, nafokasi kila kimoja na kuandika namba ya mota, kisha naving'oa. Baadaye nikitazama kioo na kuona ndege wamefika karibu na pale kijiti cha mita 12 kilipokuwa, najua pa kupeleka pete, na kazi inayobaki ni kurekebisha kidogo hadi jicho likae sawa. Namba hizo uzihakiki tena jua likipanda, maana lenzi ndefu hubadilika kwa joto. Ndiyo sababu pete zake huachiwa nafasi ya kuzunguka kupita alama ya mbali kabisa, na ndiyo sababu Canon huzipaka rangi nyeupe zile kubwa.

Halafu kuna maji. Mzee mmoja anayetega kaa upande wa Dabaso aliniona nimekaa chini ya mkoko na kamera iko kule mbele peke yake. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza, “Mwanangu, mashine ile umeihesabia saa?” Nikamjibu, “Nimeihesabia, mzee, nina jedwali la maji.” Akanitazama na kusema, “Jedwali litakwambia mwisho wake. Saa ya tatu na ya nne ndizo zinazokimbia.” Alikuwa ananionya kuhusu kamera kuzama, na onyo lake ni la kweli, hasa wakati wa bamvua. Lakini maneno yake ndiyo fokasi yenyewe. Katika saa sita za kujaa, maji huanza taratibu, huchukua karibu nusu ya kina chote katika saa ya tatu na ya nne, kisha hupoa. Ndege wanatembea mbele ya ukingo wa maji. Kwa hiyo mkono unaojua maji unajua fokasi inaelekea wapi na kwa kasi gani kabla ndege hajainua mguu. Mwanapwani amezaliwa na ujuzi huu na ninataka autumie.

Kuna wanaoniambia kwamba maneno yangu yamepitwa na wakati, kwamba tangu 2020, Canon ilipotoa EOS R5, kamera inamtambua ndege na kulishika jicho lake yenyewe. Ni kweli, na ni msaada mkubwa kwa ndege mmoja aliye wazi. Mwenye nayo aitumie kwa rimoti. Kwenye kundi lililobanana, jicho lipi? Kamera itachagua la kwake. Mimi ninamtaka yule kijana wa kijivu anayemfuata mzazi wake akiomba kaa, na uamuzi huo siuachii mashine.

Sabaki ni habari nyingine. Pale mchanga ni mpana, upepo wa kusi hauna kizuizi, na stendi ya lenzi ndefu inatetemeka hadi uining'inizie mfuko wa mchanga. Kusi ndio msimu wa ndege waitwao Glareola ocularis wanaokuja kutoka Madagaska, wanaolala chini wakifanana na mchanga. Mtu akiwakanyagia kundi lao kutafuta picha, ninaumia moyoni. Kumbuka pia kwamba mto ule una viboko. Usijifiche kwenye matete jua linapozama, hata kama fokasi imekaa vizuri namna gani.

Mida iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, basi zungumza na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na vijana waongoza wageni kabla ya kuacha kitu chochote kwenye tope. Na kwa vijana hao nina ombi. Nunueni lenzi moja kuukuu, mtengeneze seti moja ya mota, muikodishe kwa mgeni pamoja na kijana wa kuisimamisha na kuiondoa kwa saa za maji. Mgeni akae kwenye kibanda cha kutazamia ndege, azungushe kitufe, alipe. Atapata picha ambayo kutembea topeni hakungempa, na pesa itabaki Mida.

Mwenye lenzi anayetaka kuanza, azungushe uzi kwenye pete ya fokasi, apime urefu wake kwa milimita, agawanye kwa 3.14. Hicho ndicho kipenyo ambacho fundi atakihitaji kutengeneza pete ya meno. Pima mara mbili, na umwachie nafasi ya raba nyembamba katikati, kwa sababu pete ya plastiki inayobana chuma moja kwa moja huteleza ikishika joto.